Mwenye Kuhama Programu ya Hesabu, Abebe Nini?

Mwezi wa Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo ilifunguliwa huko Marekani programu ya hesabu za binafsi iitwayo Mint, ambayo kazi yake ilikuwa kuingia katika akaunti za mtu kwa idhini yake, kukusanya mahali pamoja miamala ya benki na ya kadi zake zote, na kuigawa katika mafungu, hata mwenye mali akajua, pasipo kushika kalamu, kiasi gani kimekwenda katika chakula, kiasi gani katika kodi ya nyumba, na kiasi gani kimeteketea katika anasa. Mwaka 2009 kampuni ya Intuit iliinunua kwa dola milioni 170. Na kampuni hiyo hiyo, mwishoni mwa 2023, ikatangaza kwamba itaifunga, ikawaelekeza watumiaji kwenye Credit Karma, programu nyingine iliyo milki yake, na mnamo Machi 2024 ikatimiza ililolisema. Watu waliokuwa wameweka humo kumbukumbu za miaka mingi walibaki na faili la kupakua na shauri la kukata: hesabu hizi zihamie wapi, na zihame kiasi gani?

Mint ilihudumia Marekani na Kanada tu, ambako Waswahili wengi wamefanya maskani. Na huku pwani, mtu anayeandika matumizi yake katika simu hufikwa na shauri lilo hilo kila abadilishapo programu, au simu yenyewe. Ili pande zote zipate insafu, tumeziweka hoja katika vinywa vya watu watatu: Muuguzi anayefanya kazi Minnesota na kujenga Mombasa, Karani mstaafu aliyeshika leja za duka la jumla tangu ujana wake, na Fundi wa kompyuta ambaye watu humletea mafaili yaliyokataa kufunguka; na Mwenyekiti anawaongoza.

MWENYEKITI: Mabibi na mabwana, hoja iliyo mbele yetu yasema kwamba mtu anayehama kutoka programu moja ya bajeti kwenda nyingine yampasa ahame na kumbukumbu zake zote, tangu muamala wa kwanza hadi wa mwisho. Bibi Muuguzi anaitetea, Mzee Karani anaipinga. Bwana Fundi hakupewa upande. Ameitwa atueleze hali ya mafaili yenyewe, kwa kuwa aghalabu watu hujadili mambo ya kompyuta kwa dhana tupu. Bibi Muuguzi, tafadhali.

MUUGUZI: Ahsante, Bwana Mwenyekiti. Mzee Karani, shikamoo.

KARANI: Marahaba, mwanangu. Sema, tunakusikiliza.

MUUGUZI: Wanaosema kwamba salio latosha hudhani kuwa hesabu ni kujua ulicho nacho leo. Mimi nasema kuwa hesabu ni ushahidi, na ushahidi uliokatwa nusu haumfai mwenyewe siku anapoulizwa. Nina hujja tatu.

Ya kwanza ni ya sheria. Nina akaunti Marekani, na nyingine katika benki ya Mombasa, ambamo naweka fedha za kumjengea mama nyumba. Sheria ya Marekani humtaka raia au mkazi wa kule, ambaye akaunti zake za ng'ambo zimepita jumla ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, azitangaze kwa Wizara ya Fedha, na aandike kwa kila akaunti kiwango cha juu kabisa ilichofikia ndani ya mwaka, wala si kile kilichobaki tarehe 31 Desemba. Kisha ahifadhi kumbukumbu hizo kwa miaka 5. Kenya nayo, kwa Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015, hutaka nyaraka za kodi zihifadhiwe kwa miaka 5. Sasa niambieni: fedha za saruji na nondo zilizolala katika akaunti juma moja kabla ya fundi kulipwa, salio la leo litanionyeshaje kwamba wakati ule zilifika kiasi gani?

Ya pili ni ya dini. Zaka hutolewa katika mali iliyofika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachoiwajibisha, na ikapitiwa na mwaka wa Hijra. Siku mali yangu ilipofika nisabu imo katika kumbukumbu zangu. Nikiziacha nyuma nitakisia, na ibada haiendeshwi kwa kukisia.

Ya tatu ni ya busara. Mwenye kupanga bajeti ya mwaka ujao hutazama miaka iliyopita, na programu hupenda kulinganisha Machi na Machi, Aprili na Aprili. Lakini Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa Miladi. Mwaka 2023 mwezi uliandama kuelekea mwisho wa Machi, na gharama za Idi zikaangukia Aprili. Mwaka 2025 uliandama mwanzoni mwa Machi, na Idi ikafika mwezi huo haujesha. Mtu mwenye kumbukumbu za mwaka mmoja ataona Machi imemlemea, adhani amekuwa mfujaji, kumbe ni tende, nyama na nguo za watoto zilizohama mwezi. Miaka kadhaa ikiwekwa sambamba ndiyo itakayomwonyesha hivyo. Mali bila daftari hupotea bila habari; na anayeacha nusu ya daftari amekubali kupoteza nusu ya habari.

MWENYEKITI: Mzee Karani.

KARANI: Mwanangu amesema maneno mazito, nami siyadharau. Lakini shauri hili si geni kama linavyodhaniwa. Mwaka 1494, huko Venezia, mtawa wa Kifransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha kitabu cha hisabati, na ndani yake akaeleza desturi ya wafanyabiashara wa mji ule ya kuandika kila jambo mara mbili, upande wa kupokea na upande wa kutoa. Humo akafundisha pia la kufanya leja inapojaa. Hakuamuru inakiliwe upya. Aliamuru ilinganishwe kwanza na jarida, mtu mmoja akishika leja na mwenziwe jarida, wakitia alama kila ingizo lililopatana. Kisha kila hesabu ifungwe, baki lake lichukuliwe kwenye leja mpya, na kila leja iwe na alama yake ya kuitambulisha, ili ya kale isichanganywe na iliyofuata. Ndivyo nilivyofundishwa nami dukani, na katika maisha yangu yote ya kazi sikuona mwenye duka aliyeagiza miamala ya miaka kumi iandikwe tena kwa sababu tu amenunua daftari jipya.

Tazameni mpangilio: kwanza kulinganisha, pili kufunga, tatu kuhamisha baki. Watu wa siku hizi wameyaruka mawili ya kwanza, wakataka kuhamisha yote kwa mkupuo mmoja. Basi kosa lililokuwamo katika daftari la zamani huhamia katika jipya, na kwa kuwa limeingizwa na mashine, mwenyewe hulisadiki kuliko alivyolisadiki mwanzo. Aliyehama nyumba akabeba hata majivu ya meko hana la kujisifia kwamba hakuacha kitu.

Ama zaka, ni asilimia 2.5 ya kilichopo haul, yaani mwaka huo wa Hijra, inapotimia. Siku ya kuanza kwa haul ni tarehe moja. Iandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, na kiasi kilichokuwapo siku hiyo, yatosha. Haihitaji bei ya kila andazi lililoliwa tangu 2015. Na ushahidi wa kodi, mwanangu, hautolewi na programu yako ya bajeti. Hutolewa na taarifa ya benki. Afisa wa kodi hataki kujua kwamba wewe uliyaita malipo yale "fungu la mama". Ataka karatasi yenye jina la benki.

MWENYEKITI: Kabla Bibi hajajibu, tumsikie Fundi. Faili lenyewe lina hali gani?

FUNDI: Faili, Bwana Mwenyekiti, halina ubaya, ubaya umo katika mambo ambayo halikuyasema. Mint ilimpa mtu faili la CSV, yaani matini wazi ambamo kila muamala una mstari wake, na kila habari imetengwa na nyingine kwa mkato. Katika faili hilo kiasi cha fedha hakikuwa na alama ya kutoa: fedha iliyotoka na iliyoingia ziliandikwa kwa namna moja, na safu nyingine ya pembeni ndiyo iliyosema hii ni debiti na ile ni krediti. YNAB, mojawapo ya programu walizoziendea watu wa Mint, yaweza kupokea safu mbili, moja ya kilichotoka na moja ya kilichoingia. Asiyeigeuza ile iwe hii kabla ya kupakia, mshahara wake na kodi ya nyumba yake huingia upande mmoja.

Halafu iko tarehe. Kwa Mmarekani 03/04 ni tarehe 4 Machi. Kwa mtu wa Mombasa ni tarehe 3 Aprili. Programu haitalalamika, maadamu zote mbili ni tarehe halali. Italalamika itakapokutana na siku ya 13, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Na kufikia hapo siku 12 za mwanzo za kila mwezi zimekwisha kutawanyika katika mwaka mzima, kila moja imeketi katika mwezi usio wake, isipokuwa ile ambayo namba yake ni sawa na ya mwezi.

Na huku kwetu hali haina nafuu. Taarifa ya M-Pesa huja ikiwa PDF iliyofungwa kwa msimbo, na ndani yake mna safu ya namba ya risiti, ya wakati, ya maelezo, ya kilichoingia, ya kilichotoka na ya salio. Mtu anapomtumia mwenziwe fedha na ada ikatozwa, fedha ina mstari wake na ada ina mstari wake, lakini mistari yote miwili hubeba namba moja ya risiti. Basi programu iliyowekewa kanuni ya kwamba namba ikijirudia ni muamala ulioandikwa mara mbili, huubakiza mstari mmoja na kuufuta wa pili. Ada zote za mwaka hutoweka kimyakimya, na salio likikataa kuafikiana, mwenyewe hutafuta mwizi ambaye hakuwapo.

Tena, mtu akitoa shilingi 20,000 benki akaziweka M-Pesa, benki husema zimetoka na M-Pesa husema zimeingia, na kila mmoja asema kweli. Lakini programu isiyoambiwa kwamba ni fedha ile ile humhesabia mapato ya 20,000 na matumizi ya 20,000, ilhali hakupata wala hakutumia hata senti. Na aliyetumia Fuliza, huduma ya mkopo ya M-Pesa, huona mkopo umeandikwa kama fedha iliyoingia, akajiona tajiri mwezi huu na fukara mwezi ujao.

MUUGUZI: Nashukuru, kaka Fundi, lakini yote uliyoyataja ni makosa ya utendaji, nayo hayaibatilishi hoja. Mtu haachi kupika kwa sababu wali waweza kuungua. Na aanze na akaunti moja, apakie mwezi mmoja tu, alinganishe salio la mwisho wa mwezi na taarifa ya benki. Likiafikiana aendelee na mwezi wa pili, lisipoafikiana afute na kurekebisha kabla ya kwenda mbele. Mzee ametaja kulinganisha. Hakuna kinachonizuia kulinganisha ninapohamisha yote.

Na juu ya taarifa ya benki, Mzee wangu, benki haijui kila kitu. Yajua kwamba nilimtumia mjomba dola 300. Haijui kwamba 200 zilikuwa ada ya shule ya binti yake, na 100 ni karadha ambayo tulikubaliana atairudisha baada ya mavuno. Maelezo hayo niliyaandika mimi, siku ile ile. Qurani, katika aya iliyo ndefu kuliko zote, ya Suratul Baqara, imeamrisha deni la muda liandikwe. Nitaliacha andiko hilo katika programu iliyofungwa?

KARANI: La, hilo la deni nalikubali bila ya ubishi. Deni ni haki ya mtu. Huhamishwa pamoja na jina, tarehe na sharti lake, liwe unalodai au unalodaiwa. Lakini kukubali hilo si kuikubali hoja yako, bali ni kuibainisha yangu: huhamishwa lile ambalo bado li hai. Deni lililolipwa limekufa, na kumbukumbu yake yakaa kabatini.

Nikuulize nami. Katika hizo kumbukumbu zako za miaka kumi mna malipo ya daktari, mna sadaka ulizompa fulani ukamsitiri, mna ugomvi wa nyumba nzima kwa yule ajuaye kusoma. Kampuni ya kwanza iliyajua kidogo kidogo, kadiri ulivyoishi. Sasa wataka kuikabidhi kampuni ya pili, ambayo hujaijua hata mwezi, habari hizo zote kwa siku moja. Ni haja gani iliyokulazimisha? Mtu hana haki ya kuanika siri ya jamaa zake ili apate picha nzuri ya mistari ya rangi.

MUUGUZI: Hapo, Mzee, sina jibu jepesi. Faragha yangu naweza kuichezea. Ya mjomba siwezi.

FUNDI: Niruhusiwe kutia neno hapo, kwa sababu naona wote wawili wamekubaliana juu ya jambo ambalo hawajalitamka: kwamba kumbukumbu zikae mahali ambapo si programu ya zamani wala mpya. Mwaka 2009 Microsoft iliacha kuuza programu yake ya Money, na baadaye ikatoa toleo la mwisho bila malipo, lisilohitaji idhini ya seva, ili wenye mafaili yao waendelee kuyafungua. Hao walifanyiwa hisani. Wa Mint walielekezwa Credit Karma, ambako bajeti ya kila mwezi waliyoizoea haikuwako. Programu huzaliwa, huuzwa na hufungwa kwa maslahi ya mwenye nayo, na maslahi hayo si lazima yawe yetu.

Sheria imeanza kutusaidia. Kifungu cha 20 cha kanuni ya data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, kinampa mtu haki ya kupata habari alizozitoa katika muundo unaosomeka na mashine. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, katika kifungu cha 38, inatoa haki ya namna hiyo. Hata hivyo faili linalotoka mara nyingi huwa na miamala mitupu. Kanuni ulizoiwekea programu ili kila malipo ya duka fulani yaende fungu la chakula, malengo yako ya akiba, na picha za risiti, hivyo aghalabu havimo. Muamala mmoja wa dukani uliougawa kati ya unga, sabuni na dawa huweza kurudi ukiwa mzima, kana kwamba hukupata kuugawa. Kwa hiyo anayedhani amehamisha yote, mara nyingi amehamisha namba na kuyaacha maarifa aliyoyafanyia kazi.

MWENYEKITI: Tumesikia ya kutosha, nami natoa hukumu. Hoja kama ilivyoandikwa, kwamba ni wajibu kuhama na kumbukumbu zote, imeanguka. Haikuangushwa na ugumu wa mafaili, ambao Bibi Muuguzi ameujibu vyema, bali na hujja ya faragha na ile ya kulinganisha. Lakini anayedhani kwamba kuanguka kwake kumempa ruhusa ya kuondoka na salio peke yake na kuyaacha mengine yapotee, huyo hakumsikiliza Mzee Karani, ambaye hata mara moja hakusema leja ya kale itupwe.

Basi mwenye kuhama na afanye hivi. Kabla ya kufunga programu ya zamani, apakue miamala ya kila akaunti katika faili lake, apakue na taarifa za benki na za M-Pesa za miaka 5 kwa uchache, aziweke mahali pawili tofauti, na mafaili yaliyofungwa kwa msimbo aandike msimbo wake mahali pa salama, au ayahifadhi yakiwa yamefunguliwa. Achague siku ya kwanza ya mwezi, alinganishe kila akaunti na taarifa ya benki ya siku hiyo, ndipo alichukue baki lake kwenye programu mpya. Madeni yote yaliyo hai yahamie pamoja na majina na masharti, na tarehe ya haul iandikwe. Miamala ya mwaka huu wa kodi ndiyo ya kupakia, akaunti moja baada ya nyingine, mwezi baada ya mwezi, kwa utaratibu alioueleza Bibi Muuguzi. Iliyotangulia na ibaki katika faili, na mwenye kutaka kulinganisha Ramadhani na Ramadhani atalifungua katika jedwali lolote la kompyuta bila ya kumwomba mtu ruhusa. Programu zote mbili ziende sambamba kwa mwezi mmoja, na ya zamani isifutwe mpaka salio la mwisho wa mwezi huo liafikiane kila mahali.

Na kwako wewe msomaji ambaye hujahama wala huna nia ya kuhama, lipo neno moja. Fungua leo programu unayoitumia, utafute mahali pa kupakulia hesabu zako, upakue, na ulifungue faili uone kama lasomeka. Likisomeka, fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu. Usipopaona mahali hapo, au faili likikataa kufunguka, basi anza kuhama sasa, wakati ungali waweza kuyaona maandishi yako na kuyanakili.